Sesilia wa Shavu la Kulia

Jumamosi ile saluni ilikuwa imefurika, mafuta ya nywele yananukia hadi barabarani, akaingia mwanamume mwenye kipara kinachong'aa.

"Kaka, nikusuke nini hapo?" msusi akamuuliza. Wateja wakaangua kicheko.

"Natafuta uso tu, dada."

Alikuwa fundi wa chapa: huchonga picha kwenye ubao, huupaka wino, kisha huukandamizia karatasi. Kwaya ya kanisani ilitaka picha ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa waimbaji, na uso ulikuwa umemgomea.

Basi msusi akawa anakaa mbele yake jioni, na gauni lake la njano, maranda ya ubao yakimrukia miguuni. Siku zile, jamani! Simu ikilia ni yeye.

"Mtakatifu wangu, umekula?"

"Watakatifu hawali. Lete soda."

Moyo ulishazama. Mama yake alishaambiwa wageni wanakuja kuposa.

Picha ilipotundikwa kanisani, shoga yake akamnong'oneza, "Kidoti chako si kiko shavu la kushoto? Huyu anacho kulia. Huyu mwingine, shoga."

Akamvaa fundi palepale mlangoni. "Ni nani yule?"

Fundi akababaika. "Ni... ni ufundi tu, mpenzi."

Ufundi! Roho ilimuuma, akazima simu wiki nzima. Mama akauliza habari za wageni, akasingizia kichwa.

Mwishowe akaitoa kwenye droo ya saluni nakala ya picha aliyopewa na fundi, aichane. Akainua macho, akajiona kwenye kioo. Kidoti kilekile, upande uleule wa picha. Akawasha simu.

"Wewe, ulichonga vilevile ulivyoniona?"

Fundi akashusha pumzi. "Ubaoni sura huchongwa kinyume, ili karatasi iinyooshe. Nalijua hilo tangu utotoni. Siku ile nilikuwa nakuangalia wewe, nikasahau. Nikaona aibu, fundi mzima."

"Ukaona heri nilie?"

"Nisamehe. Nitachonga nyingine."

"Thubutu. Njoo na wazee wako."

Nakala ile ipo chumbani kwao hadi leo, kando ya kioo. Msusi akijifunga kitambaa asubuhi hulalamika kwamba Sesilia bado kijana, ila wa kwenye kioo kachakaa.

"Yupi?" huuliza mzee mwenye kipara, kakaa kitandani akimtazama. "Mimi namwona mmoja."