Dawa ya Kuchua Mgongo

Jumapili moja ya mwaka 1968 Nelima alikuwa akichagua nyanya sokoni Kibuye, gauni lake la manjano limembana kiunoni, mara watu wakapiga kelele. Obiero, muuza nyama, alikuwa amemkaba hamali aliyemsukuma mama mjamzito. Akamtwanga ngumi. Hamali akamjibu kwa chupa iliyovunjika, damu ikamtiririka Obiero juu ya jicho. Wanawake walimshangilia Obiero, na Nelima, nisiwafiche, alishangilia kuliko wote.

"Hiyo kidonda inataka kushonwa," akamwambia. "Njoo zahanati. Mimi ni nesi."

"Sista, ukishona wewe, hata sindano ya gunia nakubali!"

Alimshona katika zahanati ndogo kule Nyamasaria. Tangu siku hiyo simu ya pale haikutulia.

"Halo, sista? Iko mgonjwa hapa."

"Anaumwa wapi?"

"Moyo. Inapiga mbio tangu aone gauni ya njano."

"Mwambie alale mapema," Nelima akacheka. "Na mwambie nampenda, mjinga huyo."

Siku hizo mgonjwa alikwenda zahanati na chupa yake mwenyewe, ya soda au ya bia, akajaziwa dawa. Hakuna aliyeona ubaya wake. Mama Perez, mamake Obiero, alipokuja akilalamikia mgongo, Nelima alimjazia dawa ya kuchua katika chupa ya soda.

"Ni ya kuchua tu, Mama. Mtu asinywe."

Nyumbani Kaloleni mama aliiacha mezani, akaenda kuchota maji. Benta, dada mdogo wa Obiero, akarudi kutoka shule akikohoa. Dawa yake ya kikohozi ilitoka zahanati hiyo hiyo, katika chupa ya soda vilevile. Akadhani ile ya mezani ndiyo yake, akanywa mafunda mawili, akaanguka akitupatupa miguu, povu mdomoni.

Jirani mwenye gari alimkimbiza hospitali kubwa. Obiero hakwenda na dadake, na hapo ndipo ninapomkasirikia mpaka leo. Alichukua shoka lake la kukatia mifupa, akaenda zahanati.

Alivunja mlango, akavunja dirisha, akaangusha rafu nzima ya dawa. Wagonjwa walikanyagana kutoka. Walter, dresa wa pale aliyefunga watu vidonda, alipojaribu kumshika alipigwa kwa bapa la shoka, mkono ukavunjika.

"Nani alijaza hiyo chupa? Ni wewe? Leo naua mtu!"

Shoka lilikuwa limeinuliwa juu ya Walter. Nelima angeweza kunyamaza.

"Ni mimi, Obi. Mwache. Ni mimi nilijaza."

Obiero alitupa shoka, akampiga kofi. Nelima akagonga ukuta. Akampiga tena, jino likatoka, damu ikaenea kifuani kwenye sare nyeupe. Wanaume wanne ndio waliomvuta nje, naye bado anarusha mateke, wakamkabidhi kwa polisi.

Benta alipona. Nelima alikwenda kumwomba radhi kitandani, kisha akang'ang'ana na wakubwa wake mpaka wakakubali: dawa ya kuchua itolewe tu katika chupa za buluu za zahanati yenyewe, zenye kamba shingoni, na chupa ya soda isijazwe tena dawa yoyote.

Obiero alipotoka rumande alikuja zahanati amevaa suti ya kijivu, viatu vinang'aa.

"Jaherana, mpenzi wangu, nisamehe. Ile siku nilikuwa wazimu. Wazee wangu wako tayari kwenda kwenu Bungoma. Nataka kukuoa."

"Umekuja kuoa?"

"Na wewe pia ulikosea, Nelima. Benta amekusamehe, mama amekusamehe."

"Nilikosea kweli. Kwa hivyo nimebadilisha chupa, mtoto mwingine asinywe. Wewe mkono wako umeufanyia nini?"

"Si nimesema pole?"

"Hata mimi nilimwambia Benta pole. Haikutosha."

Obiero akaangalia chini. "Basi hunipendi tena."

"Nakupenda, Obi! Nakupenda mpaka naona aibu. Ndiyo maana nimeomba uhamisho. Naondoka Jumamosi, kabla ufizi huu haujapona nikasahau."

Obiero alilia waziwazi mbele ya wagonjwa. Nelima naye alilia, na Jumamosi akaondoka.