Ndama Aliyevaa Sweta

Baridi ya Julai ikifika Ruring'u, kule Nyeri, hubishani nayo. Unavaa sweta tu. Nyumbani kwa Kagure kila mtu alikuwa na sweta nzuri, hata ndama aliyezaliwa wiki ile. Zote zilifumwa na Wachuka, binti yake.

Wachuka aliugua polio akiwa mdogo. Miguu yake haikumbeba, lakini mikono yake haikujua kupumzika. Alikaa mlangoni akifuma kwa sindano mbili huku akiimba nyimbo za kanisa. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimwambia, "Ukiweza kufuma sweta za watoto wetu wote kufikia Januari, kazi ni yako." Kwa sindano mbili? Haiwezekani. Wachuka alihitaji mashine ya kufuma, na hakuna kitu alichokitamani zaidi.

Siku moja jirani yao Theuri alipita kuwasalimu. Theuri alikuwa fundi wa viatu, na alitembea kwa magongo.

"Wachuka, mbona usiombe serikali hiyo mashine?"

"Ati serikali inipe mimi?" Wachuka alicheka.

"Si mimi nilipata vifaa vyangu vya kazi huko? Iko na mfuko wa kusaidia walemavu."

"Lakini sisi hatuna mtu mkubwa huko," Kagure alisema.

"Mama Wachuka, mtu mkubwa wa nini? Na usimpe mtu hata kuku. Pata barua ya chifu, ya kusema anawajua. Daktari wa hospitali ya serikali ampime Wachuka, aandike ulemavu wake. Halafu mwende ofisi ya maendeleo ya jamii hapo Nyeri mjini, mjaze fomu. Mseme anataka kifaa gani na atafanya nacho kazi gani. Baadaye ofisa atakuja kuwaona hapa nyumbani."

Walifanya yote hayo, na Theuri akawasindikiza. Kisha habari ikaja kwamba ofisa angefika Alhamisi.

Hapo ndipo Kagure alipoharibu mambo. Alikuwa mama mwema, lakini akishapata wazo lake, hasikii la mtu.

"Wakiona tumevaa vizuri, watasema hatuna shida," alisema. Akakusanya sweta zote na kuzificha katika nyumba ya kuku. Sindano na uzi akavisukuma chini ya kitanda. Akamvalisha Wachuka gauni lililoraruka na kumlaza.

"Mama, nasikia baridi!"

"Vizuri. Tetemeka."

"Na nikiulizwa kama najua kufuma?"

"Kohoa."

Ofisa alikuwa mama mchangamfu kutoka Meru, jina lake Kajuju. Kagure alimkaribisha kwa chai ya maziwa, kwa maana mgeni hanyimwi chai hata siku ya kujifanya maskini.

"Wachuka, unafanya kazi gani?" Kajuju aliuliza.

Wachuka alimtazama mama yake. Akakohoa.

"Huyu hawezi kitu," Kagure alidakia. "Ni wa kulala tu. Tuonee huruma."

Maneno hayo yalimuuma Wachuka kuliko baridi. Machozi yakamjaa machoni.

Kajuju alishusha pumzi. "Pole sana, mama. Lakini aliomba mashine, na mashine hupewa mtu wa kuitumia. Kama hawezi, itabidi niandike hivyo."

Akafungua kalamu yake. Wakati huohuo ndama akaingiza kichwa mlangoni, kisha akaingia mzima. Alikuwa amevaa sweta nyekundu yenye maua meupe. Kagure alikuwa amemsahau!

Kajuju aliduwaa. "Huyu ndama amefumiwa na nani?"

Kagure alikodolea macho sakafu. Wachuka naye aliinuka akakaa kitandani.

"Ni mimi! Hiyo nimefuma mimi, na zingine zote. Mama, lete sindano!"

Kagure aliinama akazitoa chini ya kitanda. Kisha akaenda kwa kuku, akarudi na sweta tele zilizojaa manyoya. Kajuju alicheka mpaka chai ikamwagika. Wachuka alianza kufuma palepale, na vidole vyake vilikimbia hata macho yasiweze kuvifuata.

"Mama Wachuka," Kajuju alisema akifuta machozi ya kicheko, "kizuri chajiuza, na wewe umekifungia na kuku! Ukiomba msaada, sema ukweli wote. Asichoweza, sema. Anachoweza, sema pia. Tusipojua anachoweza, tutamsaidia vipi?"

Kagure alimshika binti yake mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nakusaidia."

"Nimekusamehe, mama. Lakini lete sweta yangu kwanza."

Mashine ilifika Oktoba. Theuri alikuja kuishangilia, na Wachuka akaanza kazi siku hiyohiyo. Januari, watoto walipita njiani wakielekea shule na sweta mpya za kijani. Kagure alisimama langoni akimwambia kila mpita njia, "Umeona hizo sweta? Ni za Wachuka wangu!" Furaha ilimzidi, akawaambia hata waliokwisha kuambiwa jana.

Jumapili moja baada ya ibada, jirani aitwaye Watiri alimvuta kando.

"Mimi pia niko na msichana nyumbani," alinong'ona. "Mkono wake mmoja haufanyi kazi. Tumeomba cherehani, na ofisa anakuja. Nimvalishe nini?"

Kagure alimtazama, akakumbuka ile nyumba ya kuku.

"Mvalishe nguo yake ya Jumapili," alisema. "Na umwache aongee mwenyewe."