Mayai ya Dokta Zeleke

Kabati la chuma lilikuwa wazi na tupu. Kufuli halikuvunjwa, ila madaftari ya utafiti wa wanawake mia mbili yalikuwa yametoweka.

Kabla ya saa nne asubuhi polisi wa Gondar walikuwa wamemkamata Sista Etagegn, muuguzi aliyeyajaza. Funguo zilikuwa mbili tu: wake, na wa Dokta Zeleke, mkuu wa utafiti.

"Umeyaiba?" Inspekta Asnakech alimuuliza.

"Niibe jasho langu mwenyewe? Miezi kumi na mmoja nimepanda milima ile, mlango kwa mlango, nikiuliza watu wanakula nini. Nifunge ukitaka, dada, ila mwizi usiniite!"

Inspekta aliupenda ujeuri ule. Hakumwachia, lakini akaenda ofisini kwa Dokta. Mezani palikuwa na barua iliyofika jana yake. Wahakiki wawili, waliopewa makala ya Dokta waipime kabla jarida halijaichapisha, walitaka kuyaona madaftari.

Akaisoma makala. Ilidai wanawake waligawanywa kwa kura: mia walipewa mayai mawili kila siku, mia hawakupewa, kisha damu zao zikapimwa. Sista alisema aliuliza tu. Kuuliza watu wanakula nini ni utafiti wa aina moja; kuwalisha na kuwalinganisha ni wa aina nyingine kabisa. Halafu akaziona tarehe.

Mchana alimkuta Dokta anakula injera kwa shiro, mchuzi wa dengu.

"Leo hakuna nyama, Dokta?"

"Kwani wewe mgeni? Si Hudadi hii, mfungo wetu mkuu! Hata maziwa sigusi."

"Na wanawake wa vijijini?"

"Wale ndio usiseme. Kwa kufunga huwaambii kitu."

"Makala yako inasema siku arobaini, kuanzia tarehe mosi Machi mwaka jana. Katikati ya Hudadi. Nani alikula mayai elfu nane?"

Tonge likaishia hewani.

"Tarehe nilizitunga kwa kalenda ya wageni, si yetu," alisema taratibu. "Mfungo haukunijia akilini."

"Madaftari?"

"Kwenye buti la gari langu."

"Kwa nini?"

"Utafiti wa kuulizauliza nani anaujali? Nilitaka uprofesa. Nilijua mtamshika yeye."

Jioni Sista Etagegn aliyapokea madaftari yake kituoni. Akalifungua moja mbele ya askari wote, kidole juu ya mstari: *Mayai: hajala. Amefunga.*

"Walichonijibu ndicho nilichoandika," alisema, kifua mbele. "Wapelekeeni wahakiki. Na waulize wanachotaka, mimi nipo."