Kimo cha Mizani

Mara ya kwanza ilikuwa ovaroli tu. Pindo la suruali liliburuzika sakafuni, Mizani akalikunja na kumlaumu aliyeifua. Siku ya tatu akalikunja tena. Hakuwa amekonda, uso wake ulikuwa uleule, ila kioo cha chooni sasa kilimwonyesha paji la uso peke yake.

Mizani, jina alilopewa kwa ukali wa macho yake, alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha vipande vya tungsteni. Unga wa madini hayo mazito huchanganywa na nta, husukumwa kwa mashine ndani ya kalibu inayokipa kipande umbo, kisha kipande huingia tanuruni ili nta itoke, unga ushikamane, nacho kisinyae karibu sehemu moja ya tano. Kusinyaa ndiyo kazi yenyewe. Ubaya ni kusinyaa upande mmoja, na kwa miezi mingi vipande vilitoka vimepinda, mpaka wenye kiwanda wakatishia kukifunga. Ghafla vikaanza kutoka sawasawa. Kaka yake, msimamizi wa tanuru, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, akamwagiwa sifa. Mizani aliona fahari kuliko wote.

Kisha akaanza kusikia tanuru likipumua. Lilikuwa limezimwa, mlango wazi, mchana kweupe, na bado mle ndani kulikuwa na pumzi ya mtu aliyelala, na harufu ya nta iliyochanganyika na nywele zinazoungua, na kila pumzi ilipovutwa aliuhisi uti wa mgongo wake ukivutwa nayo, pingili kwa pingili, taratibu, kama mtu anayehesabu.

Mganga aliyemwendea hakumumunya maneno. Alisema jini wa moto hajui kusinyaisha kitu sawasawa mpaka apewe mtu wa kujifunzia, na mtu hutolewa kwa kipimo cha kimo chake. Akamwuliza ni nani aliyempima kimo karibuni. Mizani akamkumbuka kaka yake akimsimamisha ukutani, chaki mkononi, akisema ovaroli mpya zinakuja. Hazikuja. Alilia palepale, wala si kwa hofu.

"Aliyekutoa ndiye wa kukurudisha," mganga akasema. "Asimame mbele ya tanuru, aseme, 'Namchukua dada yangu.' Basi."

Kaka hakukana. Alisema kwa sauti ya chini kwamba watu sitini wangekosa kazi, na jini alipomwuliza nani, akamtaja yule ambaye asingemshuku kamwe. Akaomba radhi, akalia, akakubali. Wenzao walipokwenda kula, wakasimama wawili mbele ya mlango ule. Pumzi ikakatika. Mle ndani kitu kilikuwa kinasikiliza.

"Sema, kaka," Mizani akanong'ona.

Kaka akafungua kinywa. Macho yake yakaenda pembeni, kwenye trei ya vipande vilivyotoka asubuhi, vyote sawa, hakuna hata kimoja kilichopinda.

"Oda inaisha Ijumaa," akasema. "Vumilia kidogo tu."

Akamshika bega ili amrudishe kwenye meza ya ukaguzi, na ilimbidi ainame.