Jibu Lililoharibu Wastani

Lifti zote mbili za jengo lile zilikuwa mbovu siku hiyo, na watu walijazana chini wakizitazama kana kwamba macho yao yangezitengeneza. Makarani, wapeleka vifurushi, mawakili wenye mafaili kwapani, kila mmoja akimlaumu mlinzi ambaye hakuwa na kosa lolote. Katikati yao alisimama dada mmoja wa gauni la kijani lililomkaa vyema, viatu vya kisigino kirefu na begi la kompyuta begani. Alikuwa mtathmini wa chuo kikuu, na alitakiwa ghorofa ya saba, kwenye ofisi ya mkandarasi mmoja mkubwa, kumuuliza kama wahandisi waliotoka chuoni kwake wanaijua kazi.

"Ukiisubiri hiyo lifti utazeekea hapa," ilisema sauti nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililokunjwa mikono, vumbi la saruji kwenye viatu, kofia ngumu ya njano mkononi. Alikuwa na uso wa mtu anayecheka kabla ya kichekesho.

"Wewe ni fundi lifti?"

"Mimi injinia wa majengo. Lifti zina wenyewe."

"Kumbe injinia wa maneno."

"Na wewe mrembo wa kupanda ngazi. Lete begi hilo."

Wakapanda. Ghorofa ya tatu viatu vya kisigino vilikuwa mkononi. Kila walipomaliza ngazi, Injinia alisema, "Twende, haba na haba hujaza tangi."

"Hujaza kibaba," Mtathmini alimsahihisha akihema.

"Kibaba zama hizi cha nini? Mimi najenga matangi."

Mtathmini alicheka mpaka akashika ukuta. Laiti angejua atakuja kuyasoma wapi maneno yale, angeyasahau palepale kwenye ngazi. Lakini nani alimwambia? Alichojua ni kwamba kijana huyu alihitimu chuoni kwake, kwamba mkandarasi wa ghorofa ya saba ndiye bosi wake, na kwamba ananukia vizuri.

"Nitakutumia dodoso," alimwambia mlangoni. "Tunawatumia wahitimu wote. Unajipima mwenyewe, moja mpaka tano, kama chuo kilikufundisha kweli tulichoahidi kukufundisha."

"Nikijaza napata nini?"

"Unaisaidia elimu."

"Na namba yako ya simu?"

"Ndiyo itakayokutumia dodoso, mjanja wee!"

Mapenzi yao yalikwenda mbio. Asubuhi simu, mchana simu, jioni matembezi, yeye kwenye gauni jipya na mwenzake kwenye lile lile shati jeupe. Injinia alimwita Bi Dodoso, naye akajifanya kukasirika.

"Bi Dodoso, kwa kipimo cha moja mpaka tano, umenikumbuka kiasi gani leo?"

"Mbili."

"Mbili! Moyo wangu umeporomoka."

"Haya, mbili na nusu. Usimwambie mtu."

Injinia alikuwa msimamizi wa jengo jipya la ghorofa sita kwenye kona ya barabara kuu, maduka chini, ofisi juu. Siku moja Mtathmini alipita kumsalimia. Alimkuta sakafu ya chini amesimama peke yake, kiganja kakiweka juu ya nguzo, kama mama anayepima homa ya mtoto. Mahali pale plasta ilikuwa mbichi, imepita kwa mstari mwembamba ulioinama, kama iliyoziba ufa. Aliposikia hatua aliuondoa mkono haraka, akamshika kiuno mpenzi wake na kumtoa nje.

"Mbona unanifukuza?"

"Vumbi, kipenzi. Utachafua gauni."

Sasa, Mtathmini alikuwa na dada yake mkubwa, msusi mwenye ulimi mkali na mikono ya dhahabu, aliyekuwa akitafuta pahala pa kufungua saluni. Ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Unadhani alimwelekeza wapi? Kwenye kona ile ile, kwa shemeji mtarajiwa. Alipompigia Injinia kumpa habari hiyo njema, alikuwa akicheka.

"Dada yangu anahamia kwenye jengo lako!"

"Hapana. Atafute pengine."

"Kwa nini?"

"Pale pana vumbi."

Dada mtu alipoambiwa alicheka kwa kejeli. "Vumbi! Huyo bwana wako hataki nikae karibu nikamchunguza. Mimi nahamia."

Basi yakafika majibu ya dodoso. Chuo kilikuwa kimeorodhesha mambo ambayo kila mhandisi wake lazima ayaweze: kukokotoa, kubuni, kufanya kazi na wenzake. Na lilikuwemo moja ambalo Mtathmini mwenyewe alilipigania liingie: *Mafunzo yaliniwezesha kumkatalia mkubwa wangu pale usalama wa watu unapohusika.* Wahitimu karibu wote walijipa tano, bila aibu. Waajiri walioulizwa jambo hilo hilo waliwapa mbili. Mkandarasi wa ghorofa ya saba alikuwa ameacha namba tupu, akaandika pembeni: "Wakatae ili iweje?"

Mtathmini aliteremka taratibu kwenye kompyuta, tano, tano, tano, halafu akakuta moja. Chini ya moja hiyo palikuwa na maelezo.

*Nilifundishwa kukokotoa, sikufundishwa kukataa. Nguzo za chini zimepunguzwa nondo ili kazi iishe haraka. Nilisema, bosi akacheka, nikasaini. Nimesaini tena na tena. Ni haba na haba, na sasa tangi limejaa.*

Duniani kuna mtu mmoja tu anayesema tangi. Na juu kabisa ya dodoso, kwa maneno aliyoyatunga yeye mwenyewe na kuyaonea fahari, palisomeka: *Hakuna atakayejua kuwa ni wewe.*

Mkurugenzi wake, mzee nadhifu wa suti ya kijivu, alikuja kusimama nyuma ya kiti.

"Huyo mwenye moja ni nani?"

"Hatuulizi majina, mzee."

"Anatuharibia wastani. Wageni wa ithibati wanakuja kutukagua, nami nataka wakute picha safi. Mfute."

"Lakini amesema jengo..."

"Mwanangu, mtu mmoja kati ya mia nne ni kelele. Tunapima programu, hatupimi majengo." Akainama, akabonyeza mwenyewe.

Jioni hiyo Mtathmini alizunguka chumbani kama kuku anayetaka kutaga. Akisema, amevunja ahadi aliyowapa wahitimu wote, na mpenzi wake atapelekwa polisi. Akinyamaza, dada yake ameshapeleka viti na vioo kule. Akampigia.

"Laazizi, nikuulize. Jengo lako ni salama?"

"Salama salimini. Umeota nini?"

Alikata simu akalia. Mwanamume aliyeweza kuiambia ukweli kompyuta asiyoijua, yeye alimdanganya bila kumeza mate. Tangu siku hiyo akawa baridi. Simu alizipokea moja kati ya tatu, majibu yake "ndiyo" na "sawa". Injinia naye, kwa akili za wanaume, akaamua kuna mwingine.

"Ni nani?" alimuuliza siku walipokutana mgahawani. "Niambie tu. Ni yule mzee wako wa suti?"

"Shika adabu."

"Basi nimekukosea nini?"

Mtathmini alimtazama yale macho yaliyokuwa yakicheka, sasa yamezama kwa kukosa usingizi. Uvumilivu ukamwisha.

"Tangi limejaa, sivyo?"

Injinia aliweka kikombe chini.

"Umenisoma," alisema polepole. "Uliandika hakuna atakayejua."

"Sikutafuta! Nilikutambua kwa ulimi wako!"

"Nilikuwa naongea na kitu kisicho na macho. Miezi yote hii ndiyo mara moja tu niliyopumua. Kumbe wewe ulikuwa umekaa upande wa pili, unanipiga chenga kwenye simu, unanitega kwa maswali!"

"Na wewe ukanidanganya! Dada yangu yumo mle! Hujui kule ndiko anakohamia mtu aliyenilea?"

Watu wa meza za jirani waligeuka. Injinia alisimama.

"Nashindwa kujitazama kwenye kioo," alisema. "Wewe nitakutazamaje?" Akatoka, na kofia yake ya njano akaisahau kitini.

Alipotea. Simu haikupatikana. Mtathmini alikonda, gauni la kijani likampwaya. Alikwenda kwa dada yake akamweleza kila kitu, ahadi au si ahadi, na dada mtu akamsikiliza huku akipanga machanuo yake.

"Mdogo wangu, mmegombana, nawe unatafuta la kumsingizia. Jengo lina mihuri yote ukutani. Acha nifanye kazi."

Aliporudi kutoka kwa dada yake siku moja alasiri, alimkuta Injinia ameketi kwenye ngazi za nyumba yake, ndevu hazijanyolewa, shati limekunjamana.

"Nimemwambia hapana," alisema kabla ya salamu.

"Nani?"

"Bosi. Nimefuta saini yangu. Nimeandika barua kwa wahandisi wa jiji, nimetaja kila nguzo na mkono wangu mwenyewe ndani yake. Wanaweza kunifunga. Wameipiga muhuri wa kupokelewa, wakaniambia itashughulikiwa."

"Na bosi?"

"Hakukasirika hata kidogo. Alinishukuru kwa utumishi wangu, akainua simu. Nilikuwa sijafika chini, na injinia mwingine ameshapatikana. Tumesoma chuo kimoja. Kasaini."

Mtathmini aliketi kando yake. Alijua bila kuuliza yule mwingine alijipa ngapi.

"Nami nina la kukwambia. Jibu lako lilifutwa. Lilikuwa linaharibu wastani."

Injinia alimtazama, kisha akaanza kucheka, kicheko kikavu kilichokaribia kilio. "Kumbe nimefutwa huku na huku."

"Mimi sijakufuta," alisema, akamlaza kichwa begani kwake. "Nisamehe."

"Nisamehe wewe, roho yangu."

Wakapatana hivyo, ila furaha yao ilikuwa na mdudu ndani. Jengo lilifunguliwa kwa muziki na maputo. Barua ilikuwa ingali ikishughulikiwa. Injinia, ambaye hakuna kampuni iliyomtaka tena, alishinda kwenye meza ya nje ya mgahawa unaotazamana na jengo, akilitazama. Wapita njia waliomfahamu walisema wivu wa kazi umemtia kichaa. Bosi wake wa zamani akipita kwa gari alimpungia mkono.

Mchana mmoja Mtathmini alikuja kula naye. Alikuwa amevaa gauni jeupe lenye maua madogo, na Injinia alimtazama muda mrefu hata chakula kikapoa.

"Sina kazi," alianza. "Sina jina. Huenda nikaitwa mahakamani. Mtu mwenye akili angengoja."

"Unataka kusema nini?"

"Nataka kukuoa. Naomba usinipe alama. Nijibu tu."

Mtathmini alifungua kinywa, na simu ikalia. Dada yake. Waliweza kumwona ng'ambo ya barabara, nyuma ya kioo cha saluni.

"Mdogo wangu, huna fundi seremala?" alisema akicheka. "Mlango wa choo ulibana tangu asubuhi, sasa na huu wa mbele umegoma kufungika. Mbao mbichi hizi! Wateja wananicheka."

Aliyarudia maneno hayo kwa Injinia kama kichekesho. Injinia aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Alimpokonya simu.

"Shemeji, milango haijabana, ukuta ndio unaikalia. Toka. Usibebe kitu."

"Nina watu wana dawa kichwani, bwana we!"

"Toka nao hivyo hivyo! Shemeji, nakupigia magoti, toka!"

Alikuwa ameshavuka barabara, magari yakimpigia honi, Mtathmini nyuma yake viatu mkononi. Pengine dada mtu aliisikia ile sauti, pengine alimwona mdogo wake anakimbia peku, alitoka. Alitoka na wateja wanne wenye povu na dawa kichwani, mataulo mabegani, wakilalamika kwamba wataungua. Umati ukakusanyika papo hapo. Watu walishika mbavu. Wenye maduka walitoka kuona kinachochekesha, na wateja wao wakawafuata.

"Umenitia aibu!" dada mtu alifoka akimsukuma Injinia kifuani. "Mbele ya watu wote! Liko wapi linaloanguka? Liko wapi?"

Jengo lilisimama, jipya, linang'aa, mihuri yote ukutani.

"Rudini nyuma," Injinia alisema. "Vukeni barabara. Jamani, nawaombeni, vukeni." Akainua uso juu, ghorofa ya tano, ambako mafundi rangi walikuwa wamechungulia madirishani na brashi zao, wakicheka kama wengine. "Nyinyi! Shukeni! Acheni kila kitu mshuke!"

Wawili wakatoweka dirishani. Wengine walimpungia mkono, kama alivyofanya bosi.

Aliendelea kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka, mikono juu, machozi yakimtiririka mbele ya watu waliokuwa wakimwona mwehu. Mtathmini alimvuta nyuma hatua kwa hatua, na dada yake kamshika kwa mkono wa pili. Alimtazama mwanamume huyu asiye na kazi wala jina, akaona hana haja ya kungoja siku nyingine wala pahala pengine.

"Nimekubali," alimwambia sikioni.

Hakusikia. Kicheko cha watu kilikuwa kimekatika, na mngurumo ulikuwa umeanza kutoka chini ya ardhi. Akamgeuza uso kwa mikono miwili, akarudia kwa sauti yake yote, na safari hii hata yeye mwenyewe hakujisikia.