Gia ya Tatu

"Shika gia wewe, usinitazame!" Luhaga alimfokea mdogo wake.

"Nishike mpaka lini, kaka? Umeuza ng'ombe wote wa mama, ukanunua mkweche!"

Huyo mdogo wake ni Modesta, rafiki yangu, na haya nayaandika kama alivyonisimulia. Walikuwa wakimkimbiza mama yao hospitali kutoka Kigongo, amelala nyuma ya pikapu ya dizeli, chini ya turubai. Gia ya tatu ilikuwa ikichomoka. Ikichomoka, Luhaga akikanyaga mafuta injini inanguruma tu na gari haliendi. Kwa hiyo aliyekaa pembeni yake huishikilia kwa mikono miwili.

Karibu na Mkolani mvua ilileta giza mchana. Luhaga akamtukana tena. Modesta akaiachia gia kwa hasira.

"Haya, shika mwenyewe!"

Haikuchomoka. Gari likavuta bila kusita. Chini ya sakafu wakasikia mtu akihema taratibu, kama aliyebeba mzigo. Gia ikakaa hivyo hadi hospitali.

Muuguzi aliyempokea mama akawarudia mlangoni.

"Poleni. Mama yenu amefariki kitambo, mwili umeshapoa. Ila viganja vyake bado vya moto, na vimejaa oili ya gari."