Mama Yenu Ameshatangulia

Mhudumu wa hoteli aliweka sahani tatu mezani. Queen alipomwambia kwamba wako wawili tu, akashangaa. Mama yao si ameshatangulia chumbani kupumzika?

Queen alicheka. Mumewe, Luhende, hakucheka. Walikuwa wametoka Mkuyuni mjini asubuhi hiyo, wakavuka ziwa pale Kigongo, kuja kupumzika siku tatu kwenye rasi yenye mchanga mweupe ambayo Queen aliiona kwenye simu. Luhende hakuwa amemwambia kwamba alizaliwa hapo hapo, nyuma ya kilima cha mawe. Tangu wachumbiane alisema kwao ni mjini na wazazi walishafariki. Kumbe mama yake, Evelina, aliyemsomesha kwa kuanika dagaa, alikufa mwezi wa nne mwaka huu. Luhende alipopigiwa simu aje kuzika, alisema yuko safarini kikazi.

Chumbani kulinuka dagaa na ugoro. Queen akafungua madirisha, harufu ikazidi. Kisha bafuni mtu akakohoa mara mbili. Luhende alifungua mlango. Sakafu kavu, hamna mtu.

Wakamwita Teodora, mfanyakazi wa usafi. Alimtazama Luhende kwa muda mrefu.

"Wewe si mtoto wa Evelina?"

"Umenifananisha, dada."

Kabla hajafumba mdomo kikohozi kilianza tena, sasa nyuma ya pazia, kisha chini ya kitanda, kisha sikioni pake kabisa, na katikati yake sauti ikamwita Ngosha, jina ambalo mama yake peke yake alimwita, ikamwita polepole kama anayemwita mtoto aje kula, hata Luhende, mwanamume wa miaka arobaini, akajikuta amejikunyata ukutani, suruali imelowa, mke wake anamtazama.

"Watu watakwambia ni jini la ziwani," Teodora alinong'ona. "Mimi niliuosha mwili wake. Ile ni sauti yake. Nenda kaburini."

Njiani Luhende alimweleza Queen yote.

Kaburi lilikuwa tuta la udongo lililoota majani, halina hata msalaba. Luhende akapiga magoti. Asijue aanzie wapi, akaanza na salamu ambayo hakuwa amempa kwa miaka tisa.

"Shikamoo, mama."

Upepo wa ziwa ukatulia. Nyuma yake, kutoka kinywani mwa Queen, sauti ya kizee ikaitikia, "Marahaba."

Luhende hakugeuka. Hakuwa na uso wa kumtazama yeyote kati ya wale wawili.